Siku Niliyofungua Turubai la Msiba

Jamani, mimi nimewahi kuteleza nikaanguka na ndoo ya maji mbele ya watu Kibirizi, nimewahi kumwita mwalimu wangu wa chuo "mama" darasa zima likisikia, lakini aibu niliyoipata Ujiji siku ya msiba wa Mzee Rajabu haina mwenzake, na mpaka leo nikipita ile njia navuka upande wa pili huku nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Nawasimulia nyie kwa sababu nyie ni wenzangu na kwa sababu nimechoka kukaa nayo peke yangu. Mkitaka kucheka chekeni, ila mama yangu asisikie kwamba nimeisimulia, maana mimi nilihamia Katubuka nikapanga chumba, yeye ndiye aliyebaki kuangaliana na wale majirani.

Wakati ule nilikuwa na kibarua kwenye mradi wa utafiti wa ziwa. Kwa kifupi, walikuwa wanafuatilia udongo, kwamba milima yetu huku nyuma imekatwa miti, mvua ikinyesha udongo wote unateremka Ziwa Tanganyika, maji ya pembeni yanabadilika rangi na samaki wanahama mazalia yao, sasa watu wa mradi wakawa wanaliangalia jambo hilo kwa juu, kwa satelaiti inayopita na kupiga picha, na safari hiyo wakaleta na ndege ndogo yenye kamera tumboni, halafu chini kabisa, kwenye matope, tukawekwa sisi. Kazi yangu mimi ilikuwa kupanda mtumbwi na kushusha majini sahani yenye rangi nyeusi na nyeupe, nione inapotelea kina gani, na kuchota maji kwenye chupa. (Akina mama wa dagaa walikuwa wananiuliza kila siku kama sahani yangu imepata kitoweo.)

Na kulikuwa na maturubai. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndiyo yaliyonimaliza. Ile kamera ya ndege ikiwa angani haijui nyeupe ni nyeupe kiasi gani, jua linaidanganya, vumbi linaidanganya, kwa hiyo mnatandika chini uwanjani maturubai matatu makubwa, jeupe, la kijivu na jeusi, ambayo rangi zake zimeshapimwa, ndege inapita juu yake, halafu wataalamu wanatumia hayo kusahihisha picha yote. Bila yale maturubai picha ni nzuri ya kuangalia tu, haipimi kitu. Stoo ya ofisi ilikuwa inavuja, mvua za masika, basi mkuu wetu wa kazi, mama mmoja mpole anayeitwa Dokta Editha, akaniuliza kama kwetu Ujiji kuna chumba kikavu. Nikasema kipo. Gari la mradi likaja mpaka mlangoni, maturubai yakashushwa majirani wote wakitazama, na mimi nimesimama pale nimeshika kiuno naelekeza, "taratibu hapo, taratibu," utadhani vimeshushwa vitanda vya harusi yangu.

Mnielewe, ile kazi nilikuwa naitaka kufa na kupona. Nilikuwa nimekaa nyumbani tangu nimalize chuo, namsaidia mama kukaanga maandazi, na Dokta alikuwa ameshatuambia waziwazi kwamba ndege ikimaliza kuruka, vibarua wote tunaagwa isipokuwa mmoja atakayeajiriwa, na alipotuambia hivyo aliniangalia mimi. Basi nikawa nalala na maturubai chumba kimoja kama mtu anayelinda mahari.

Siku mbili kabla ya siku iliyopangwa ndege kuruka, Mzee Rajabu akafariki. Alikuwa fundi wa mashine za boti, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtu wa watu, na mkewe Mama Sikudhani ndiye aliyenilea mimi kila mama alipokwenda sokoni. Sasa nyie mnajua Ujiji mtu akifa inakuwaje, vitu vya mtaa mzima vinakuwa vya msiba, sufuria zako, majamvi yako, viti vyako, hakuna anayekuja kuomba, wanakuja kuchukua, na wewe ndiye unayeona aibu kama huna cha kutoa. Alasiri Mjomba Yahya, kaka yake Mama Sikudhani, ambaye ndiye aliyeshika shughuli, akasimama mlangoni kwetu.

"Tatu mwanangu, turubai la msikiti limepelekwa kwenye msiba mwingine Mwanga," akasema. "Watu wameanza kuja na mawingu yale unayaona. Tunazika kesho asubuhi saa nne. Tupe moja katika yale yako."

Hapo mlangoni, kwenye uamuzi mdogo tu, ndipo kila kitu kilipoanzia. Ningeweza kumpigia simu Dokta. Sikumpigia, kwa sababu nilijua atasema hapana, na akishasema hapana mimi nitamwambia nini Mjomba Yahya, kwamba mlinzi wa maturubai amekataa kumsitiri mume wa mama yake mlezi? Nikapiga hesabu zangu: ndege keshokutwa, mazishi kesho, jioni turubai limerudi, nalifuta kwa kitambaa, nani atajua. Nikatoa lile jeupe (jeusi nililiogopa, lingewapika watu). Mama yangu akaniangalia akasema, "Umefanya la maana." Nililala vizuri sana siku hiyo, na ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kulala vizuri kwa muda mrefu.

Asubuhi nimekaa kwenye jamvi na wanawake wenzangu uani kwa wafiwa, simu ikaita. Dokta.

"Tatu, mipango imebadilika, ndege inaruka leo. Kesho rubani anasema mawingu yatafunga kabisa, na satelaiti inapita leo saa tano na nusu, hatuwezi kuikosa. Maturubai yote matatu yawe chini, uwanja wa Katubuka, saa tano. Gari liko Kibirizi na wenzako, kodi bajaji, nitakurudishia."

Nikasema, "Sawa Dokta." Hivyo tu.

Nikainua macho. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka kwenye paa mpaka kwenye nguzo mbili, safi, linapendeza, chini yake wamekaa wanaume wote wa mtaa na masheikh wanasoma, na kwenye pembe yake ya nyuma, upande wetu wanawake, sufuria za wali wa mazishi zimejipanga kwenye mafiga. Nikajituliza. Nikajiambia, Tatu, wanazika saa nne, saa nne wanaume wote wanaondoka na jeneza, ua unabaki mtupu, hakuna anayehitaji turubai wakati watu wako makaburini. Nitalifungua, nitakimbia Katubuka, ndege itapita, nitalirudisha na kulifunga kabla hawajamaliza kunawa mikono. Nilijiona nina akili sana. Nikakodi bajaji, nikamtuma dereva akachukue mawili ya nyumbani, asubiri barabarani.

Saa nne ikafika, jeneza halikutoka. Nikauliza, nikaambiwa wanamsubiri Idrisa, mtoto mkubwa, anatoka Ilagala kwa boti na mashine imezima njiani. (Mtoto wa fundi wa mashine za boti, anachelewa kumzika baba yake kwa sababu ya mashine ya boti. Hata wafiwa walikuwa wanatikisa kichwa.) Basi ikawa kusubiri. Mimi nimekaa nimejifunika kanga, wenzangu wanadhani nalia, kumbe chini ya kanga naangalia saa ya simu. Dokta akatuma ujumbe: "Umefika wapi?" Nikajibu: "Njiani." Akatuma tena: "Rubani yuko tayari." Bajaji akapiga honi barabarani, watu wakageuka kumwangalia mtu asiye na adabu ni nani.

Nilinyanyuka. Nikaenda kumvuta Mjomba Yahya pembeni kwa nia ya kumwambia ukweli, hilo naapa, nilikuwa nimeshaupanga kabisa: Mjomba, turubai si langu, nalihitaji kwa muda kidogo. Lakini nilipomwona usoni, macho mekundu, hajalala, anashughulika na kaburi na sanda na boti iliyozima, nikaona nikimwambia mtu huyu kwamba naomba niwafungulie turubai vichwani ili ndege ipige picha, atanichukia mpaka kiama. Uongo ukanirukia mdomoni.

"Mjomba, samahani, lile turubai lina dawa."

"Dawa gani?"

"Dawa ya kitaalamu, ya mambo ya picha. Jua likilipiga sana inatoka. Siyo nzuri kwa kifua. Naona bora tulifungue kidogo kidogo."

Mimi kwa akili zangu nilitegemea atawaita vijana wawili wafungue kamba kimyakimya. Mjomba Yahya akalitazama turubai, akatazama wazee waliokaa chini yake, halafu akapanda juu ya kiti akasema kwa sauti ya mtu mzima, "Ndugu zangu, tusogee. Turubai hili lina sumu."

Sikusema sumu, mimi nilisema dawa. Lakini hapo nimrudishe vipi? Watu walinyanyuka mara moja, viti vinaanguka, masheikh wamebeba misahafu yao, mzee mmoja aliyekuwa amekaa vizuri tangu asubuhi akaanza kukohoa, na akishakohoa mmoja mnajua wenyewe, wakakohoa wote. Mmoja akasema tangu jana alikuwa anawashwa shingoni. Mwingine akasema aliliona linang'aa kwenye taa (nguo yoyote nyeupe inang'aa kwenye taa). Akina mama wakakamata watoto wakaanza kuwaosha kwa sabuni, na mpishi mkuu, Mama Asha, akaziangalia zile sufuria za wali zilizopikwa chini ya pembe ya turubai, hakuuliza mtu, akamwita mwenzake wakashika masikio ya sufuria wakamwaga. Wali wote, na maharage yake. Nilisimama namtazama anamwaga.

Wanaume hawakutaka kuligusa turubai. Kwa hiyo nililifungua mwenyewe. Mwanamke mzima, nimepanda kiti katikati ya wanaume, nimejitanda mtandio puani ili uongo wangu ukamilike, nafungua kamba za turubai la msiba, marehemu yuko ndani hajatoka. Lilianguka chini, jua likaingia lote uani, na wale watu wakajibana kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Nikalikunja nikaondoka nalo mgongoni bila kugeuka.

Katubuka nilifika ndege ikisikika. Nisiwachoshe, tulitandika, mimi na Dokta na wenzangu, na kwa haraka zangu nikatandika la kijivu mara mbili. Jeupe lilikuwa na masizi pembeni, Dokta akakunja ile sehemu ndani bila kuuliza. Ndege ikapita juu yetu, ikaenda Ujiji, ikageuka, ikarudi na ufuo wa ziwa mpaka ilipotosheka. Wenzangu wakapiga makofi. Dokta akainama kwenye lile jeupe, akanusa.

"Tatu, hili linanukia ubani."

Nikamwambia lilikuwa msibani. Nusu ya ukweli tu, nusu ile nzuri, ile ya jirani mwema. Nilingoja anifokee. Hakufoka, akaniuliza marehemu ni nani kwangu, nikasema ni kama baba, akasema, "Ungeniambia tu tangu asubuhi. Haya, gari hili hapa, twende tukalirudishe na mimi nitoe pole."

Jamani, nilijaribu kila njia. Nikasema wako makaburini, akasema tutawasubiri. Nikasema hajavaa vizuri, akatoa mtandio kwenye mkoba. Njia nzima kutoka Katubuka mpaka Ujiji nilikuwa namwomba Mungu gari lipate pancha, na siku zote magari ya mradi yanapata pancha, siku hiyo hapana.

Tulipofika wanaume walikuwa ndiyo wamerudi, wamekaa wamepanga mstari ukutani juani, mikono ina udongo. Hakuna chai, hakuna wali. Dokta akasalimia vizuri, akatoa pole zake, akapewa kiti. Na kabla sijapata pa kujificha Mjomba Yahya akamsogelea, kwa heshima zote, akamuuliza mbele ya watu, "Dokta, samahani, wewe ndiye mtaalamu. Watoto tumewaosha kwa sabuni, lakini kuna wazee watatu bado vifua vinawabana. Tuwapeleke hospitali, au ile dawa inatoka yenyewe?"

"Dawa ipi, mzee?"

"Ya kwenye turubai."

Dokta akamwangalia, akaniangalia mimi. "Turubai halina dawa," akasema. "Ni kitambaa."

Mama Asha alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni na wanawake wenzake, na nilimwona akishusha kanga yake polepole mpaka ikamfunika uso. Wote wananingoja mimi. Nikasema. Nilisema yote, ndege, satelaiti, kazi, sauti inakatika kama ya mtoto aliyevunja chungu, na kila nilipofika sehemu ya kujitetea nilijisikia mwenyewe jinsi isivyokuwa na maana. Niliona mzee mmoja wa wale waliokuwa wanakohoa akiacha kukohoa.

Mjomba Yahya hakunitukana. Nilitamani anitukane. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Ungesema tu unalihitaji, mwanangu. Tungelifungua wenyewe, tukakubebea mpaka barabarani." Halafu akaenda kukaa na wenzake juani. Turubai tulilirudisha lakini hakuna aliyenyanyuka kulifunga, likabaki limekunjwa pale mlangoni mpaka Dokta akalipakia tena kwenye gari.

Sasa mnataka kujua kama nilifukuzwa. Sikufukuzwa. Picha zilitoka safi, jeupe lilikuwa jeupe, na Dokta, baada ya kunisema kwa maneno machache ambayo sitayarudia hapa, akanipa mkataba. (Msinipongeze.) Na kazi ya kwanza ya mkataba ilikuwa hii: baada ya miezi kadhaa, mradi ukarudi kuwaonyesha wananchi matokeo, na wa kuwaeleza kwa Kiswahili nikawa mimi.

Tulikusanyika darasani kwenye shule moja pale Ujiji, pazia limefungwa, picha ya ndege inamulikwa ukutani, mimi nimeshika kompyuta. Nikaeleza udongo, nikaonyesha maji ya kahawia yanavyotoka kwenye mdomo wa mto Malagarasi na kufuata ufuo, watu wakasikiliza kwa adabu, lakini kila mtu alichokuwa anakitaka ni kuona bati la nyumba yake. Basi nikawa nawakuzia moja moja, huyu anacheka kuona kuku wake, yule anaona jirani amesogeza ukuta. Mbele kabisa alikuwa amekaa Mama Sikudhani. Alikuwa ametoka eda karibuni. Tangu ule msiba nilikuwa nimempelekea salamu kwa mama tu, sikuthubutu kuingia kwake.

"Tatu mwanangu," akasema, "na kwangu tuone."

Ningeweza kusema kompyuta imekwama. Uongo ulikuja wenyewe mpaka kwenye ulimi, na safari hii niliumeza. Nikasogeza, nikakuza. Paa lake likatokea, halafu ua. Watu walikuwa nukta nukta, zimebanana kwenye kivuli cha ukuta, zote upande mmoja. Na katikati ya ua, mahali palipokuwa na turubai, peke yake, kulikuwa na kitu kirefu cha kijani. Walikuwa wamelitoa jeneza, limefunikwa shuka la kijani, wakaliweka pale, Idrisa amefika na ameingia ndani kwa mama yake, na ndege ndipo ilipopita. Hata mimi nilikuwa sijui. Nilikuwa Katubuka nakunjua turubai.

Mama Sikudhani alinyanyuka, akaenda mpaka ukutani, akaweka kidole. Kijani kikamulika kwenye kucha yake.

"Huyu ni Rajabu," akasema. "Mimi nilikuwa ndani, sikumwona akitoka." Akaangalia kidogo tena, akawa kama anazungumza na yeye mwenyewe. "Kumbe alikaa juani."

Hakuwa amekasirika, na hakunitazama. Akarudi akakaa, na darasa zima likawa linasubiri nionyeshe nyumba nyingine, na mimi nikaiacha ile picha ukutani.

Sasa hivi kitu cha kazi hakilali nyumbani kwangu, hata kalamu, na hilo si jambo kubwa, mtu yeyote angeamua hivyo. Nilichoapa ni hiki: siku nikihitaji kitu kilicho mikononi mwa mfiwa, nitamwendea nimwambie kwa mdomo wangu kwamba nakihitaji, anifukuze yeye au nifukuzwe na kazi. Kazi ningepata nyingine. Mzee Rajabu hatazikwa mara ya pili.